Viungo 40,000 Chini ya Mkuza

Kipande kimoja cha bomba la kusafirishia gesi huwa na urefu wa mita 12 hivi. Kutoka Madimba, mkoani Mtwara, hadi Kinyerezi, Dar es Salaam, ni kilomita 477. Piga hesabu: vipande vinakaribia 40,000, na kila kimoja kimeungwa na mwenzake kwa moto, mzunguko mzima wa mdomo wenye kipenyo cha inchi 36. Mzunguko huo ukiunyoosha unakaribia mita 3, na mafundi wenye vijiti vya kuchomelea wameupita mara nne, tano, pengine zaidi, kabla kiungo hakijahesabiwa kuwa kimekwisha. Viungo 39,999 vikiwa safi na kimoja kikawa na ufa usioonekana kwa macho, hicho kimoja kinatosha kulifunga bomba zima.

Mengine kuhusu bomba hili yameandikwa sana. Gharama yake ya zaidi ya dola bilioni 1.2, mkopo wa Benki ya Exim ya China, jiwe la msingi aliloweka Rais Jakaya Kikwete pale Kinyerezi Novemba 2012, uzinduzi wa Madimba Oktoba 2015, yote yamo kwenye kumbukumbu. Majonzi yake yamo pia: Januari na Mei 2013 Mtwara iliwaka, wananchi wakihoji kwa nini gesi ya kwao isafirishwe hadi Dar es Salaam kabla wao hawajaona kiwanda, na watu walipoteza maisha. Hayo hayafai kurukwa. Ila nimegundua kwamba katika maneno yote yaliyosemwa, fundi aliyelala chini ya chuma akiunga mshono hatajwi kabisa, ilhali kampuni ya bomba hukua kupitia mkono wake kabla ya kukua kwenye vitabu vya hesabu.

Tuangalie kiungo kimoja kinavyofanyika. Vipande vimepangwa kandokando ya mtaro, juu ya magogo na mifuko ya mchanga. Mdomo wa kila kimoja umekatwa mshazari, nyuzi 30 hivi, ili midomo miwili ikikutana pabaki mfereji wenye umbo la V. Ndani ya bomba kinaingizwa kibano kinachotanuka, kikaishika midomo yote miwili isicheze, na kati yake ikaachwa nafasi ya milimita moja na nusu hivi. Kazi yote imeegemea nafasi hiyo. Ikizidi, chuma kilichoyeyuka kinadondokea ndani na kuacha vinundu. Ikipungua, moto haufiki upande wa pili, na kiungo kitaonekana kizuri kwa nje huku shina lake likiwa halijashikana.

Mafundi wawili husimama, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakaanzia juu kabisa na kushuka. Wanaopiga mshono wa kwanza ndio mabingwa wa msafara. Mbele ya ncha ya kijiti kinafunguka kitundu kidogo, na fundi humtambua bingwa mwenzake kwa namna anavyokilinda kitundu hicho kisikue wala kisizibe, sentimita baada ya sentimita, huku chuma kikimwagika kwa uzito wake na pembe ya mkono ikibadilika kila anaposhuka. Juu ya bomba chuma kilichoyeyuka kinakaa penyewe. Ubavuni kinataka kuteleza. Chini kinataka kumwangukia. Hapo chini ndipo methali ya mtaka cha mvunguni inapoacha kuwa methali: fundi analala chali juu ya kipande cha boksi, cheche zikimnyeshea shingoni, na hapohapo anatakiwa mkono wake utulie kuliko mahali pengine pote.

Mshono wa kwanza ukikamilika, grenda hupita kuondoa mavi ya chuma, na wa pili unafuata haraka, ndani ya dakika chache, kabla chuma hakijapoa. Si suala la kuwahi kwenda kula. Kijiti kinachotumika hapa huacha hidrojeni ndani ya chuma, na chuma kikipoa upesi hidrojeni hiyo hukipasua kutoka ndani, wakati mwingine saa nyingi baada ya fundi kuondoka. Mshono wa pili, wenye moto mkali, unachoma uchafu uliofichika pembeni na kukipasha kiungo tena. Kisha mishono ya kujazia, kisha wa kufunika. Mara nyingi kila mshono una mafundi wake: wa kwanza wameshahamia kiungo kinachofuata wakati mafundi wa kujazia wanafika. Ndiyo maana mwendo wa msafara mzima, kuanzia wanaofyeka mkuza, yaani ukanda wa ardhi linamopita bomba, hadi wanaofukia mtaro, hupangwa na wale wawili wa mbele. Meneja akitaka kilomita zaidi kwa wiki, anaweza kuongeza makatapila apendavyo. Asipoongeza mikono inayojua mshono wa kwanza, makatapila yatasimama yakisubiri.

Kuna desturi moja katika kazi hii ninayoiheshimu kuliko nyingine zote. Kando ya kila kiungo huandikwa namba ya kiungo na alama ya fundi aliyekichomelea. Halafu wanakuja wapiga picha na chanzo chao cha mionzi, wanazungushia filamu, wanawafukuza watu wote karibu, wanapiga. Filamu husomwa na mkaguzi ambaye hakuwepo wakati wa kuchomelea. Vitundu vya hewa, mavi yaliyobaki, shina lisiloshikana, vyote huonekana kama vivuli. Kiungo kikikataliwa, kinakwanguliwa au kinakatwa na kurudiwa, na kwenye daftari hasara hiyo ina jina. Fundi ambaye viungo vyake vinarudi mara kwa mara huondolewa kwenye msafara, hata awe na maneno matamu kiasi gani. Hata kabla ya kugusa bomba la mradi ameshapimwa: amechomelea kipande cha majaribio, kikakatwa vipande vyembamba, vikapindwa na kuvutwa kwa mashine hadi vionyeshe kilichomo. Laiti na sisi waandishi tungekatwa vipande namna hiyo kabla ya kupewa ukurasa.

Baada ya picha bado kazi haijaisha. Bomba hutoka kiwandani likiwa limevishwa tabaka la plastiki ngumu, isipokuwa kwenye midomo. Kiungo kipya kwa hiyo kiko uchi. Kinapigwa mchanga hadi king'ae, kinapashwa moto, kinavishwa mkono wa plastiki unaosinyaa na kukumbata. Kisha anapita mtu mwenye springi ya chuma iliyozungushiwa bomba, yenye umeme wa volti nyingi, akiiviringisha polepole. Pakiwa na kitundu kwenye gamba, hata kidogo kama cha pini, cheche inaruka na kifaa kinalia. Anaweka alama, kinazibwa, anapita tena. Mtaro nao hukaguliwa usiwe na jiwe la kulitoboa gamba, bomba linashushwa na matrekta yenye mikono ya pembeni, kadhaa kwa pamoja, kila dereva akimtazama mwenzake, maana mmoja akiwahi kushusha bomba linajipinda. Linafukiwa, linajazwa maji, linapandishiwa mgandamizo kupita ule litakaofanyia kazi maisha yake yote, na linaachwa hivyo, kwa kawaida saa 24, watu wakikodolea macho mshale wa geji. Usiposhuka, maji yanatolewa na bomba linakaushwa hadi ndani pawe pakavu kabisa.

Haya hayakuanzia Madimba. Shule ya Tanzania katika kazi hii ilikuwa Songo Songo.

Gesi ya Songo Songo, kisiwa kidogo mbele ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kampuni ya Italia, AGIP. Ile ya Mnazi Bay, kusini zaidi, ilifuata mwaka 1982, mgunduzi akiwa yuleyule. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, lilikuwa limeundwa mwaka 1969, kwa hiyo mlezi alikuwepo. Kilichokosekana ni mnunuzi na bomba, na kila kimoja kilimsubiri mwenzake. Miaka ya 1980 ulikuwepo mpango wa kiwanda cha mbolea Kilwa, KILAMCO, haukufika popote. Miaka ya 1990 wazo likageuka kuwa umeme, na kampuni ya Songas ikaundwa kwa ajili hiyo: ichukue gesi kisiwani, iisafishe, iilete Ubungo, izalishe umeme na kuliuzia shirika la umeme, TANESCO. Wawekezaji waliingia na kutoka, mgogoro wa kampuni nyingine ya umeme, IPTL, ukauchelewesha mradi, Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo mwaka 2001. Julai 2004 gesi ilifika Dar es Salaam. Miaka 30 tangu kisima cha kwanza.

Bomba hilo ni dogo ukililinganisha na la pili. Kilomita 25 za inchi 12 kutoka kisiwani hadi Somanga Fungu, chini ya bahari. Kisha kilomita 207 za inchi 16 hadi Ubungo. Na tawi jembamba la kilomita 16 kwenda kiwanda cha saruji cha Wazo. Lakini ndani ya udogo huo kulikuwa na kila somo. Bomba la baharini, kwa mfano, lina adui asiyekuwepo nchi kavu, naye ni wepesi. Bomba lililojaa gesi linaweza kuelea, kwa hiyo mabomba ya namna hii huvishwa koti la zege ili yalale. Huungwa juu ya chelezo, kiungo baada ya kiungo, na kila kiungo kikikamilika chelezo husogea mbele urefu wa kipande kimoja na bomba huteremka nyuma likiwa limejipinda taratibu hadi sakafuni. Chelezo kikisogea kwa pupa, bomba linavunjika shingo. Mafundi wa majahazi wa pwani hiyohiyo, wanaokalafati mbao kwa pamba na mafuta, mshono mmoja mmoja, wangeielewa kazi hii bila kuelezwa: chombo ni kizima kwa kadiri ya mshono wake ulio dhaifu.

Somo jingine la Songo Songo lilikuwa kusafisha. Gesi hutoka kisimani na maji. Maji yakikutana na kaboni dayoksaidi ndani ya chuma huzaa tindikali inayokula bomba kutoka ndani, na maji hayohayo chini ya mgandamizo mkubwa yanaweza kuganda na gesi yakawa kitu kama barafu kinachoziba njia hata kama nje kuna joto la Kilwa. Kwa hiyo kiwanda kilijengwa kisiwani, na gesi hukaushwa kabla ya kuingia baharini. Kiwanda hicho kilianza kikiwa na uwezo wa futi za ujazo milioni 70 kwa siku. Wateja walipoongezeka, viwanda vya Dar es Salaam vikiacha mafuta mazito kimoja baada ya kingine na mitambo mipya ya umeme ikijengwa, wahandisi waliipima upya mitambo ileile na kuipandisha hadi kupita 100. Kisha bomba la inchi 16 likashiba.

Hapa ndipo penye uamuzi ninaouona kuwa wa kifundi kuliko hata mshono wa kwanza, ingawa unafanyika ofisini na kalamu. Ukijenga bomba la pili, liwe pana kiasi gani? Mtu wa kawaida angedhani bomba pana mara mbili hubeba mara mbili. Sivyo. Kuta za bomba huikwaruza gesi na kuipunguzia mwendo, na kadiri bomba linavyopanuka ndivyo sehemu kubwa ya gesi inavyopita katikati bila kuguswa. Ukipanua kipenyo mara mbili, uwezo unapanda zaidi ya mara tano. Kutoka inchi 16 hadi 36 ni mara mbili na robo tu, lakini kwa hesabu hiyo uwezo unapaswa kupanda mara saba na nusu hivi. Na ndivyo ilivyo: bomba la zamani lilishiba kwenye milioni mia na kidogo, la Mtwara lilisanifiwa kwa futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Mtaro ni uleule mmoja, fidia ya mkuza haizidi sana, matrekta ni yaleyale. Kinachoongezeka ni chuma na jasho la mishono mirefu zaidi.

Waliolipanga walilaumiwa, na bado wanalaumiwa, kwamba walijenga barabara kuu kwa ajili ya magari machache. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi bomba limebeba sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na mkopo hauangalii bomba limejaa au la. Anayelipa ana haki ya kununa. Mimi hata hivyo nasimama upande wa wapangaji. Walikuwa wameuona mwisho wa bomba dogo: lilishiba kabla halijatimiza miaka 10, na bomba lililoshiba halipanuliwi, linajengewa jingine pembeni. Zaidi ya hilo, bomba pana ni ghala. Ndani ya kilomita 477 za inchi 36 kuna nafasi ya karibu mita za ujazo 300,000, na gesi iliyoshindiliwa humo ni mara nyingi zaidi ya nafasi hiyo. Usiku wa manane mji ukilala, waendeshaji huacha gesi iendelee kuingia kutoka kusini na mgandamizo upande. Jioni Dar es Salaam nzima inapowasha taa na majiko, wanaichota akiba ile bila kisima hata kimoja kuharakishwa. Huo nao ni ufundi, wa watu wanaokaa mbele ya skrini na kujua mapema, kwa saa kadhaa, mji utataka nini.

Leo bomba hili, pamoja na viwanda vya kuchakata gesi vya Madimba na Songo Songo vilivyojengwa nalo, linaendeshwa na GASCO, kampuni tanzu ya TPDC. Ukiitazama kampuni hiyo kwa macho ya mhasibu utaona mali nyingi zilizofukiwa. Ukiitazama kwa macho ya fundi utaona watu wanaotembea.

Wanatembea kwenye mkuza. Chuma kilichofukiwa kwenye udongo wenye unyevu kinataka kurudi kuwa kutu; gamba la plastiki linakizuia, lakini hakuna gamba lisilo na mkwaruzo. Kwa hiyo bomba hupewa umeme mdogo wa mfululizo, na udongo ukitaka kula chuma unakula kwanza vipande vingine vilivyozikwa pembeni kwa makusudi. Kila baada ya umbali fulani kuna nguzo fupi yenye waya unaoshuka hadi kwenye bomba. Fundi anafika na mita yake na kichupa chenye fito ya shaba ndani ya maji ya salfeti ya shaba, anakichomeka kichupa udongoni, anaunga waya, anasoma. Anachotafuta ni volti 0.85 chini ya sifuri au zaidi ya hapo. Ikipungua, mahali fulani karibu na pale chuma kimeanza kuliwa. Anaandika, anaendelea hadi nguzo inayofuata. Kutwa nzima jua la Lindi linamwakia, naye anakusanya tarakimu ambazo, kazi ikienda vizuri, zitafanana na za mwaka uliopita.

Jicho lake lingine liko juu ya ardhi. Nani amelima mihogo katikati ya mkuza, nani ameanza kumwaga msingi wa nyumba, korongo lipi limekula udongo baada ya masika. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam kwenye maeneo kadhaa wilayani Kilwa, nchi nzima ilizungumzia mabasi yaliyokwama. Bomba hupita ukanda huohuo. Maji yanayobeba kalvati la barabara yanaweza kulivua bomba udongo wake pia.

Na ndani ya bomba hutembea pigi. Ni kifaa kinachoingizwa kwenye chumba maalumu mwanzoni mwa njia, kikasukumwa na gesi yenyewe, kikatoka upande wa pili. Pigi wa kawaida anafagia. Pigi mwenye akili amejaa sumaku na vihisio: anaujaza ukuta wa bomba nguvu ya sumaku, na pale chuma kilipokonda nguvu hiyo inavuja, naye anaandika mahali, upande na kina. Anakuwa amevipita viungo vyote, kimoja kimoja, na kila kimoja kinaonekana kwenye kumbukumbu zake kama alama ndogo. Mhandisi anayesoma takwimu hizo anaweza kuhesabu mishono ya mafundi ambao siku hizi wako kwenye mradi mwingine nchi nyingine, au wamerudi mtaa wa Gerezani kuchomelea mageti, na kujua ipi imekaa vizuri.

Kazi yenyewe sasa inabadilika. Mteja mkubwa wa gesi tangu 2004 amekuwa umeme: Ubungo, kisha Kinyerezi. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha mwaka 2024, mwaka uleule ambao mkataba wa miaka 20 wa Songas ulifika mwisho, na maji ya Rufiji yakiwa mengi mitambo ya gesi hupumzishwa. Kampuni ya bomba ikitaka kuendelea kukua inabidi iwatafute watu wadogo: kiwanda cha vigae, bajaji inayotumia gesi iliyoshindiliwa, jiko la mama wa Mtwara mjini au Sinza. Kwenda huko hakuhitaji chuma cha inchi 36. Kunahitaji bomba la plastiki la manjano au jeusi lenye mstari wa manjano, na fundi wa aina nyingine.

Nilidhani kuunga plastiki ni kazi rahisi. Mashine ndiyo inayohesabu sekunde. Bomba na kiungio chake vinabanwa, waya uliofichwa ndani ya kiungio unapashwa moto, plastiki inayeyuka na kushikana, mashine inalia kwamba imemaliza. Ufundi wote uko kabla ya kubonyeza kitufe. Ngozi ya juu ya bomba la plastiki imezeeshwa na jua na hewa, na haishikani na kitu. Inabidi ikwanguliwe, utando mwembamba sana, mzunguko wote, kisha ifutwe na isiguswe tena hata kwa kidole. Asiyekwangua atapata kiungo ambacho mashine imekikubali, macho yamekikubali, hata kipimo cha kwanza kimekikubali, na baada ya miaka michache kinafunguka chini ya uchochoro. Hakuna filamu ya kumuumbua. Ndiyo maana wasimamizi wazuri humtaka fundi achore mistari ya kalamu juu ya bomba kabla ya kukwangua: mstari ukibaki, hajakwangua. Gesi inayoingia mitaani nayo hutiwa dawa yenye uvundo, kwa kuwa yenyewe haina harufu, na pua za majirani huwa ndizo wakaguzi wa mwisho.

Lakini kama ningeruhusiwa kutazama tukio moja tu katika maisha ya kampuni hii, ningechagua kuongeza tawi jipya kwenye bomba kubwa lenye gesi bila kulizima. Wateja wa upande wa pili hawawezi kukatiwa. Jiji haliwezi kuambiwa lisubiri. Kwanza ukuta wa bomba hupimwa unene kwa mawimbi ya sauti, kila sentimita ya mahali panapokusudiwa, kwa sababu moto ukiwa mkali mno juu ya ukuta uliokonda utapenya hadi kwenye gesi. Moto ukiwa mdogo mno kuna shida nyingine: gesi inayokimbia ndani hukipoza chuma haraka, na mshono uliopozwa haraka unakuwa mgumu na kupasuka. Mchomeleaji anafanya kazi kati ya hatari hizo mbili, gesi ikipita milimita chache chini ya mwali wake. Anaunga kipande cha tawi. Juu ya tawi inafungwa vali, juu ya vali mashine ya kutoboa. Vali inafunguliwa, msumeno wa duara unashuka kupitia ndani yake na kuanza kula ukuta, taratibu, mpaka gesi inapanda na kujaza chumba cha mashine, isiende popote. Msumeno unarudishwa juu, vali inafungwa, mashine inaondolewa. Bomba limepata mkono mpya na hakuna jiko lililozimika.

Katikati ya msumeno huo kuna kijiti chenye ndoano, kazi yake ni kukishika kisahani cha chuma kilichokatwa kisidondokee ndani na kusafiri na gesi. Kisahani hicho kinapotolewa, watu hukisogelea kabla hata ya kukusanya vifaa. Kinageuzwa kuangaliwa upande uliokuwa ndani, kinapimwa unene, na tarakimu inalinganishwa na ile iliyoandikwa siku bomba lilipotoka kiwandani. Ripoti ikishafungwa, mara nyingi mhandisi mmoja hukiomba, akakiweke mezani kwake kukandamizia karatasi zisipeperushwe na feni.